Baiskeli Tatu Kwenda kwa Shangazi

Fulana zetu zilikuwa za kijani, na mgongoni ziliandikwa kwa herufi nyeupe: Mbwa Asile Maini Mabichi. Kaka yangu ndiye aliyechagua maneno hayo, na rangi pia. Mimi ningeachiwa fulana yangu nichague, ningeandika jina la shangazi yetu na chini yake neno moja tu, na neno lenyewe si la kuvaliwa mbele ya mama yangu.

Niseme mapema ili nisije nikadhaniwa mtu mwema. Watu wa Lodwar waliotupungia mikono asubuhi ile waliamini tunaendesha baiskeli hadi Kakuma kwa ajili ya afya ya wafugaji. Kaka alikuwa anaendesha kwa ajili hiyo, Mungu ambariki. Mimi nilikuwa naenda kulipiza kisasi. Nilikuwa nimekibeba kwa miaka mingi, na sasa nilikuwa nimekipatia usafiri.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa wa mwisho nyumbani kwetu. Alipomaliza shule ya msingi, baba alimpeleka Kakuma akae kwa shangazi, dada yake baba, kwa kuwa shule ya sekondari ilikuwa karibu na nyumba ile, na kwa kuwa shangazi alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Baba aliona anamweka mtoto mahali pasafi. Akiwa kidato cha pili, tumbo la mdogo wangu likaanza kuvimba.

Shangazi hakumpeleka hospitali. Alimpeleka kwa akina mama. Walikaa kwenye mabenchi na vitambaa vyao vyeupe kichwani, wakamsimamisha katikati, wakamuuliza nani. Akasema hakuna. Wakamuuliza tena, na shangazi akamfinya mkono akamwambia kwamba tumbo halijazwi na upepo. Mdogo wangu alinisimulia haya mwenyewe, baada ya kutolewa shule na kurudishwa Lodwar juu ya lori la makaa. Alinisimulia akiwa amelala ubavu, kwa sababu mgongo haukumruhusu tena, na alikuwa akinong'ona kana kwamba akina mama wale wangemsikia kutoka Kakuma.

Tulingoja mtoto. Nasema tulingoja kwa sababu hata sisi tulidhani. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akimpapasa tumbo na kutikisa kichwa. Wakati wa mtoto yeyote kuzaliwa ukafika, ukapita, na tumbo bado likaendelea kukua. Siku moja mdogo wangu alikwenda kwenye bomba la maji pale Nawoitorong, jerikani ikamponyoka, akaanguka juu yake. Kilichokuwa tumboni kikapasuka. Alifia hospitalini kabla jua halijatua, amevimba uso, akitafuta pumzi. Daktari alimwita mama pembeni akamwambia hapakuwa na mimba. Kwenye ini lake kulikuwa na mfuko wa maji ambao pengine ulianza kukua tangu akiwa mchanga.

Ugonjwa huo sisi nyumbani tunauita ugonjwa wa mbwa. Tulizaliwa Namoruputh kwenye boma la nyanya, na pale maji yalikuwa mbali na mbwa alikuwa karibu. Mtoto akijichafua, mbwa huitwa, naye huja anatikisa mkia na kumlamba mtoto mpaka anang'aa. Hakuna mama aliyeona ubaya wowote hapo, maana maji ya kunywa yenyewe yalikuwa ya kuchimbiwa mchangani. Na mbuzi akichinjwa, maini yakionekana yana vifuko vya maji, yale mabovu hukatwa yakatupiwa mbwa yule yule. Mbwa hupata minyoo kwenye vifuko hivyo, mayai ya minyoo hukaa kwenye ulimi na manyoya yake, na mtoto huyameza. Basi. Mzunguko wenyewe ni mfupi kuliko mkia wa mbwa.

Mbwa simlaumu. Mbwa alilamba kwa sababu aliitwa alambe. Shangazi je, aliitwa na nani?

Baba alimtumia ujumbe aje kuzika, na katika ujumbe huo alimweleza alichosema daktari. Shangazi hakuja. Alimwambia dereva wa pikapu atufikishie kwamba mshahara wa dhambi ni mauti. Dereva, masikini, alisimama mlangoni kwetu amevua kofia, akayasema maneno hayo kama mtu anayetema kitu kichungu. Baba aliyameza. Alisema huyo ni dada yake mkubwa, na mtu hagombani na dada yake mbele ya kaburi. Baadaye yeye naye akafa na maneno hayo yakiwa bado kooni.

Huko Kakuma shangazi alieneza ya kwake: kwamba mtoto alikunywa dawa ili atoe mimba, dawa ikamuua. Mara ngapi nimekutana na mtu wa Kakuma sokoni Lodwar, tukasalimiana vizuri, ejok, ejok noi, kisha akajua mimi ni wa nani, nikaona macho yake yanakumbuka. Mmoja aliwahi kunishika bega akaniambia, "Pole na yule wenu aliyekunywa dawa." Nilikuwa nimeshika nyanya. Nilizirudisha mezani moja moja, maana mkono ulikuwa unataka kuzirusha.

Kwa hiyo nilitaka kitu kimoja tu. Shangazi asimame mbele ya akina mama wale wale, aseme kwa mdomo wake kwamba mdogo wangu hakuwa na mimba. Sikutaka anikumbatie wala atuombe msamaha. Nilitaka hayo maneno, kwa sauti, mahali pale.

Safari ya baiskeli ilikuwa wazo la kaka. Yeye ni mwalimu Lorugum, mtu mpole mpaka anaudhi. Alikuwa ameona wanafunzi wake wawili wanapasuliwa matumbo kwa ugonjwa huo huo, akaamua familia yetu ipite barabarani ikiwafundisha watu, kwa sababu familia iliyozika ina haki ya kusikilizwa. Watu wa afya walikubali kutukuta Kakuma. Shangazi aliposikia, alipiga simu siku hiyo hiyo. "Mtafikia kwangu," alimwambia kaka. "Nitachinja. Akina mama watapokea ninyi na nyimbo." Sherehe yoyote ikija Kakuma bila kupitia uani kwake, hawezi kulala.

Kaka alinijua. Jioni moja alikuja kwangu Nawoitorong na baiskeli mbili za kuazima, zile nyeusi nzito zinazoitwa blakimamba, moja yangu na nyingine ya binti yangu, akaziegemeza ukutani na asiketi.

"Niahidi hutaleta vita kwa nyumba ya watu," alisema. "Yaliyopita si ndwele, dada yangu. Tugange yajayo."

Nilimwambia kwangu yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe. Akaendelea kusimama na macho yake ya ualimu. Nikaahidi. Niliahidi upesi sana, na kama angekuwa mtu mwenye shaka angegundua.

Mama ndiye aliyetushangaza. Hajawahi kuendesha baiskeli maishani mwake, na tulikuwa tumepanga aende na pikapu. Asubuhi ya safari alitoka na shuka lake na kigoda chake kidogo cha mbao, akaipita pikapu bila kuitazama, akaenda kukaa kwenye keria ya baiskeli ya kaka, upande upande kama bibi harusi. Kaka alimwambia barabara ni ndefu.

"Mtoto wangu alirudi juu ya makaa," mama alisema. "Mimi nikalie siti?"

Tangu mazishi yale mama hakuwa ametamka jina la shangazi, kwa wema wala kwa ubaya, na mimi nilikuwa nimeuchukua ukimya huo kuwa ni msamaha. Ilikuwa inaniuma. Nilijiona nimebaki peke yangu na hasira ya familia nzima.

Tuliondoka na upepo wa asubuhi, ule unaovuma Turkana kama umetumwa, na kwa bahati ulikuwa unatusukuma mgongoni. Kaka mbele na mama nyuma yake, halafu binti yangu, halafu mimi. Lami siku hizi ni nzuri, lakini ukitoka pembeni kidogo kupisha lori, miiba ya mti wa mathenge inakungoja. Tulipata pancha kabla hata nguo hazijalowa jasho. Niliipenda ile miiba. Ilinipa sababu ya kutukana kwa sauti.

Kila palipokuwa na bomba na watu, tulisimama. Kaka alikuwa na picha kubwa ya mbwa, mbuzi na mtu, na mishale inayozunguka. Alieleza kwa Kiturkana na kwa Kiswahili: fukia maini mabovu, au choma, osha mikono, mbwa wapewe dawa ya minyoo, na mtu akivimba tumbo apelekwe hospitali, asiulizwe maswali mengine kwanza. Hapo kwenye maswali mengine aliinamisha macho, mwalimu wangu, na kuendelea haraka.

Mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ngamia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyanyua fimbo yake. "Sasa mbwa atakula nini?"

"Chemsha kwanza, ndiyo umpe," kaka alisema.

"Kuni ya chai hakuna, nichemshie mbwa?"

Watu walicheka, kaka naye akacheka. Mzee akamuuliza mama kama yeye ndiye mizigo. Mama akamjibu kwamba yeye ndiye mwenye mizigo, hawa ni wabebaji tu. Hapo hata ngamia nadhani walicheka. Mimi nilitabasamu kwa meno. Kichwani nilikuwa Kakuma tayari, nachagua maneno ya kumwambia shangazi, nikiyanoa kama kisu kwenye jiwe. Nilipata mabaya sana. Yalinisaidia kupanda vilima.

Binti yangu alipata pancha yake mchana, wengine wakiwa wametangulia. Tulikaa chini ya mti mwembamba, tukatoa tyubu, tukaisugua, tukapaka gundi. Umri wake ulikuwa ule ule wa mdogo wangu siku aliyosimamishwa katikati ya mabenchi. Na sura pia, kwa bahati au kwa makusudi ya Mungu, alikuwa ameichukua nzima, hadi pengo kati ya meno ya mbele. Nilikuwa sijamwambia habari yote. Alijua tu kwamba mama yake mdogo alikufa na ugonjwa wa mbwa. Wakati tunangoja gundi ikauke nikamwambia yote: mabenchi, lori la makaa, dereva na kofia yake.

Alibonyeza kiraka kwa kidole gumba muda mrefu. "Na hajawahi sema sorry?"

"Hajawahi."

"Na sisi tunaenda kula kwake?"

"Tunaenda kula kwake."

"Mathe, hiyo story si poa," alisema, akachukua pampu na kuipampu ile tairi kama mtu anayempiga mwingine. Moyo wangu ulifurahi. Nisamehewe, lakini ulifurahi. Nilijua sasa tuko wawili.

Tulilala njiani kwenye darasa la shule moja, na kesho yake milima ya Pelekech ikatokea upande wetu, mikavu na ya buluu, na nyuma yake nikaona Kakuma inakuja. Mji umekua. Mabati ya kambi ya wakimbizi yanaendelea mpaka macho yanachoka, na barabarani kuna Wasomali na maduka yao, Wakongo na nguo zao za kushona, watu wa Sudan Kusini warefu wakipita na mikokoteni. Bodaboda walitupigia honi. Vijana wakatukimbilia. Mama alikaa wima kwenye keria, vumbi limempaka hadi kope, na hakumpungia mtu.

Akina mama walikuwa wamejipanga mlangoni kwa shangazi, na vitambaa vyeupe. Baadhi niliwatambua kwa jinsi mdogo wangu alivyoniigizia sauti zao. Wengine walikuwa wageni kwangu, wakiwemo wa kutoka kambini, maana kanisa lile limejaa watu wa Sudan Kusini na kwa ajili yao kila kitu husemwa kwa Kiswahili. Waliimba. Shangazi akatoka katikati yao, amenenepa, amevaa gauni la bluu na miwani. Alimkumbatia kaka. Alimkumbatia mama, ambaye mikono yake ilibaki imeshika shuka. Alipofika kwa binti yangu, alisimama ghafla. Nilimwona. Alikuwa amemwona marehemu.

Halafu akajikaza, akacheka, akamgusa binti yangu tumboni kwa ncha za vidole.

"Huyu nanyi mnamchunga vizuri?" alisema.

Binti yangu alirudi nyuma akanigonga. Nilihisi moyo wake kwenye mgongo wake. Ahadi niliyompa kaka ilikuwa bado hai mpaka hapo, inapumua kwa shida. Vidole vile viliiua.

Mkutano ulifanyika uani, chini ya turubai. Kaka alionyesha picha yake ya mishale. Muuguzi mmoja alieleza dalili. Akina mama walisikiliza vizuri, wakarudia kwa sauti kama kwaya: fukia, choma, osha. Shangazi alirudia kuliko wote. Mwishoni akaombwa, au akajiomba, afunge kwa sala. Alisimama, akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa magurudumu, akambariki kaka, na kisha akasema, "Na tunamkumbuka binti yetu aliyepotea njia akiwa katika nyumba hii. Bwana, wewe ni wa rehema, tunajua ulimsamehe."

"Amina," wakasema akina mama.

Nilimtazama kaka. Alikuwa anakunja picha yake, anaikunja mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Nilimtazama mama. Amekaa juu ya kigoda chake, hajafumba macho wala hajasema amina. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima, na pale hata moja halikuja. Kilichokuja kilikuwa mbuzi.

Vijana walikuwa wamemchinja nyuma ya nyumba wakati wa sala, na sasa walileta matumbo na maini kwenye sinia, maana kwetu ndani ya mnyama ni kazi ya wanawake. Shangazi akavua miwani, akakunja mikono ya gauni, akaketi na kisu. Ni mwepesi wa kisu, hilo siwezi kumnyima. Aligeuza ini, na upande wa chini likaonekana limejaa vifuko vyeupe, vya kung'aa, vingine vidogo kama macho na kimoja kikubwa kama ngumi. Shangazi akalaumu mbuzi wa siku hizi. Akakata kipande chote kibovu. Akapiga mluzi.

Mbwa akatoka nyuma ya tangi la maji akitikisa mkia.

Naapa hakuona alichokuwa anafanya. Fukia, choma, osha zilikuwa bado zimelowa mate midomoni mwake. Mkono ulikuwa umeshanyanyuka urushe, kama mkono wa nyanya Namoruputh, kama mkono wa kila mama aliyetuzaa. Niliudaka mkono ule juu juu. Nilimpiga mbwa teke la hewani akakimbia. Kisha nikakichukua kile kipande cha ini, kizito, bado cha moto, nikakiinua akina mama wote wakione.

"Mnamuona?" nilisema. "Mlimuuliza mdogo wangu baba ni nani. Mtoto mwenyewe ndiye huyu."

Niliwageuzia kile kifuko kikubwa, benchi kwa benchi.

"Daktari wa Lodwar alimkuta na hiki. Kwenye ini, kama mbuzi huyu. Kilikuwa ndani yake kabla hajajua kutembea. Hakunywa dawa. Hakutoa kitu. Shangazi aliambiwa hayo na baba yangu wiki ile ile, na akaja kwenu akawaambia mengine."

Kisha nikamgeukia. Nilivuta mikono yake yote miwili, nikaifungua, nikamwekea.

"Mpokee mjukuu wako, Shangazi."

Kaka aliniita jina langu. Sikugeuka. Shangazi alikuwa ameishika ile nyama kama alivyowekewa, damu inamshukia kwenye viwiko. Mdomo wake ulifunguka. "Mimi ningejua aje? Tumbo lilikuwa inakua. Kila mtu aliona tumbo."

Mwanamke mmoja mrefu wa Sudan Kusini, anayeuza samaki wakavu pale sokoni, alisimama kwenye benchi la nyuma akavua kitambaa chake. "Ile siku mimi ilikuwa hapa," alisema. "Ile mtoto alisema iko uchungu huku." Akajigusa chini ya mbavu, upande wa kulia. "Alisema mara nyingi. Sisi ilisema nyamaza, taja mwanaume."

Ndipo mama alipoinuka. Aliinuka polepole, akishika goti, akatembea hadi mbele ya wifi yake. Miaka yote ile nilidhani amesamehe. Nilikuwa simjui mama yangu.

"Ulimuuliza nani," mama alisema. "Hukumuuliza wapi panauma."

Hakupaza sauti. Shangazi alimtazama, akatazama alichoshika, akataka kukiweka chini. Hapo kaka, mwalimu wangu masikini, akitafuta namna ya kuirudisha siku mahali pake, akasema kwa sauti ya darasani, "Jamani, hiyo isiwekwe chini. Hiyo lazima ifukiwe, shimo refu, mbwa wasifikie."

Sijui kama alielewa alichonipa. Jembe lilikuwa limeegemezwa kwenye tangi. Binti yangu ndiye aliyelifuata. Alilileta, akampokea shangazi ile nyama na kuishika yeye, akamwachia jembe mikononi.

"Chimba, Shangazi," nikasema.

Alichimba. Udongo wa Kakuma mnaujua, juu ni vumbi na chini ni saruji. Alipiga jembe likaruka. Akapiga tena. Gauni la bluu likajaa vumbi, miwani iko kwenye sinia pamoja na matumbo, na jasho lilikuwa linamwingia machoni. Kijana mmoja alisogea amsaidie, mama akamwekea mkono kifuani. Kaka naye alisogea. Mama akamtazama tu, naye akarudi nyuma. Akina mama walikuwa wamesimama duara, kama walivyomzunguka mtoto siku ile nyingine, lakini aliyekuwa katikati alikuwa mwingine. Mtenda akitendewa hudhani kaonewa, na nilimwona shangazi akizungusha macho, akitafuta uso mmoja wa kumwonea huruma. Hakuupata kwangu.

Kwenye mazishi ya mdogo wangu walichimba wajomba, na nafasi ya shangazi ilikuwa tupu. Nilikuwa nimeiona nafasi hiyo tupu kila nilipofumba macho. Sasa ilikuwa inajazwa, jembe kwa jembe. Watu huniambia siku hizi kwamba lazima niliona aibu, kumchimbisha mama mzee mbele ya wageni wake. Sikuona. Nilikuwa na kiu, na nilikuwa ninakunywa.

Shimo lilipofika magotini aliegemea mpini. Alisema kitu kwa udongo.

"Hao wa nyuma hawajasikia," nikamwambia.

Akainua kichwa. Nywele zake zilikuwa zimetoka kwenye kitambaa, nyeupe kuliko nilivyotarajia. "Hakuwa na mimba," alisema. "Yule mtoto hakuwa na mimba. Mimi nilijua, baba yake alinitumia habari. Niliona haya kurudi kwenu na kusema nilikosea, nikasema uongo." Alilia aliposema hivyo, kwa sauti kubwa, na yule mwanamke wa Sudan Kusini naye akaanza kulia, na mmoja baada ya mwingine ikaenda hivyo hadi mlangoni.

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nimeyafuata. Nilikuwa nimeyapata yote, hata na zaidi. Binti yangu alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo na kile kipande cha ini kwenye viganja, amekishika kwa uangalifu, kama kweli kingeweza kuumia. Alikuwa na uso ule ule, na pengo lile lile, na shangazi akamtazama kutoka chini, kisha akanitazama mimi, na mikono yake ilikuwa imechubuka.

"Inatosha?" aliniuliza.

Nilichungulia shimo. Mbwa alikuwa amerudi, amelala kando ya tangi, anangoja.

"Bado," nikasema.